Jina Nililolifuta Katika Ukoo wa Watemi

Sogeeni, Onesmo na dada yako Rhoda, mniinue kidogo kwenye mto, maana pumzi zinakatika na Jumamosi wazee wanakuja hapa Segese kumvika Onesmo ngozi ya simba ya utemi, nami naogopa, wanangu, kuliko ninavyoogopa kaburi.

Zizi ni la Onesmo, jaruba la mpunga ni la Rhoda na asisumbuliwe. Hayo madogo. Kubwa ni kwamba kiti cha utemi si chetu. Kwetu zamani mtoto wa mtemi hakurithi, aliyerithi ni mtoto wa dada yake, kwa kuwa tumbo la mama halina shaka. Babu yangu alizaliwa na mtemi, akafa mchunga ng'ombe, kiti kikaenda kwa mpwa wa mtemi. Nilipokuwa kijana, utemi ukiwa umeshafutwa na serikali, Padri Brendan wa Ayalandi alikuja na daftari akitaka majina ya watemi wote, na mimi ndiye niliyeyajua kwa moyo. Nilipofika kwa yule mpwa kinyongo kikanipanda, nikamruka, nikamtaja babu. Nilidhani ni upuuzi usiomdhuru mtu. Nani angejua wazee watataka kuufufua utemi, walifukue daftari lile na kulishika kama msahafu?

Padri alinionya bila kujua. Alisema hata kwao waandishi waliwashonea wafalme mababu mpaka wakafika kwa Nuhu, lakini kiti hakidanganyiki. Mfalme mmoja wa Tara, huko kwao Ayalandi, aliyekalia kisicho chake, aliletewa kesi ya kondoo waliokula shamba la mwanamke, akaamuru kondoo wote apewe mwanamke, kijana Kormaki, mwenye damu ya ufalme, akasema, "Hapana, wanyolewe tu, majani yataota na manyoya yataota." Papo hapo upande wa nyumba alikokaa mfalme ukaporomoka. Nilicheka, nikasema kijana huyo angefaa kuwa Msukuma. Sasa sicheki. Onesmo alipokubali tu kuvikwa, duara la wachimba dhahabu likatitia Rwamgasa, na aliyefukiwa nusu siku ni Stanslaus, ambaye mama yake Justa alizaliwa na dada wa yule mpwa. Mwenye kiti anachimba mashimo, wanangu, na hajui! Mnasema katolewa mzima. Na mara ya pili je?

Onesmo, nimekulea kwa sifa za uongo, nisamehe. Usikikalie kiti hicho. Nenda Rwamgasa kesho, umlete Stanslaus, useme mbele ya wazee kwamba baba yako alimfuta Magesa, mtoto wa Kabula. Ndilo jina la yule mpwa, na Kabula ndiye dada wa mtemi. Miaka hamsini sijalitamka... Rhoda, maji.

Mungu akupe ng'ombe wasiokaukwa maziwa, mwanangu, na usingizi ambao mimi sikuupata. Rhoda, nawe ubarikiwe, na wanao. Onesmo, sema nisikie. Magesa, mtoto wa Kabula. Sema, baba... Mbona umeniachia mkono? Rhoda... huyo anayetoka ni nani?