Mzee Chomeka na Toroli Saba za Wodini

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa mtandao wa hospitali yetu atarudisha funguo za chumba cha mitambo na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye jalada lake ofisi ya utumishi. Wodini na kwenye korido anaitwa Mzee Chomeka, na hata yeye mwenyewe akipiga simu hujitambulisha hivyo.

Jina hilo alipewa na wauguzi. Ukimpigia kumwambia kuwa kompyuta imegoma, printa imegoma, au hata birika la chai limegoma, swali lake la kwanza ni lilelile: je, umechomeka? Wengi liliwaudhi. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi aliwahi kumjibu kwamba yeye si mtoto mdogo, kisha akainama chini ya meza, akakata simu. Kesho yake alimpelekea Mzee machungwa mawili bila maelezo yoyote.

Aliajiriwa hapa kuendesha swichibodi. Walio wadogo hawakuikuta. Ilikuwa ubao mpana wenye matundu mengi, na kila aliyepiga simu hospitali alisubiri mtu achukue waya na kuuchomeka kwenye tundu la wodi aliyoitaka. Mtu huyo alikuwa Mzee. Wakongwe wanasema aliwatambua madaktari wote kwa namna walivyokohoa kabla ya kusema halo. Swichibodi ilipoondolewa, wenzake wawili waliomba uhamisho. Yeye aliomba kozi ya kompyuta.

Mimi niandikaye haya niliwekwa chini yake miaka tisa iliyopita, nikiwa mama wa watoto watatu na mwenye vyeti vingi kuliko yeye. Wiki nzima ya kwanza nilimtambia vyeti hivyo. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaniita binti yangu, akanituma nikahesabu kebo za ghorofa ya pili. Nilizikuta nne zimelegea, na tangu siku hiyo vyeti vyangu vimetulia kabatini.

Mwaka uliofuata kompyuta za hospitali zilihamishiwa Linux, mfumo mwingine wa kuziendesha. Mzee alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na wengi tulidhani atatafuta kisingizio. Badala yake alinunua daftari la shule, akawa anaandika amri moja kila ukurasa, na chini yake maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Ukurasa wenye amri ya kufuta mafaili una fuvu la kichwa lililochorwa kwa kalamu nyekundu. Daftari hilo limefundisha watu wengi hapa kuliko semina zote tulizolishwa vitafunio.

Lakini kazi yake kubwa ni toroli. Kila wodi kati ya wodi zetu saba ina toroli yenye kompyuta mpakato ya kusomea kumbukumbu za wagonjwa. Ikiwa mezani kwa wauguzi huchomekwa kebo ya mtandao, maana kebo ina kasi na haiyumbi. Ukifika wakati wa kuzungukia wagonjwa, muuguzi huchomoa kebo, husukuma toroli hadi kitandani, na hapo kompyuta inatakiwa itumie waifai. Zamani waifai iliwashwa kwa mkono, na toroli ikirudi mezani ilizimwa kwa mkono, kwa sababu waifai yetu haina nguvu, na kompyuta zilizo mezani zikiing'ang'ania bure, zilizo vitandani hazipati kitu. Muuguzi mwenye wagonjwa thelathini ataweza wapi? Simu zilikuwa zikilia ofisini kwetu hadi mara arobaini kwa siku. Mzee alipanda ngazi, akabofya mara moja, akashuka, akakuta nyingine inalia. Na tuseme ukweli, alikuwa anafurahia.

Magoti ndiyo yaliyogoma. Ndipo akaandika programu fupi ya mistari kumi na mmoja, akaiweka kwenye folda ambayo programu ya Linux inayosimamia mtandao huipitia kila hali ya mtandao inapobadilika. Kazi yake ni nyepesi kueleza: kebo ikichomekwa, zima waifai, kebo ikichomolewa, washa. Siku tatu haikufanya lolote. Tulisoma kila herufi, tukalaumu kebo, tukalaumu umeme. Siku ya nne tukagundua kwamba Mzee hakuipa faili ile ruhusa ya kuendeshwa. Ilikuwa imekaa pale kama mgeni anayesubiri kukaribishwa ndani. Alicheka mpaka akavua miwani, na toroli zikaanza kuhama zenyewe kutoka kwenye kebo kwenda hewani na kurudi.

Mwaka jana, wiki tano kabla ya siku aliyopaswa kustaafu kwa mara ya kwanza, mambo yaliharibika. Toroli ya wodi ya watoto ilizimwa mchana ikiwa na kebo. Fundi rangi akataka nafasi ukutani, kebo ikachomolewa, toroli ikasogezwa. Ilipowashwa kando ya kitanda haikuwa na kebo wala waifai. Programu ya Mzee ilikuwa inasubiri kuambiwa kwamba kebo imechomolewa, na kebo ilishachomolewa wakati kompyuta imezimwa. Mtoto wa miaka minne mwenye homa kali alisubiri dakika arobaini, mpaka jalada lake la karatasi lilipopatikana masjala, kwa kuwa kulikuwa na dawa inayomdhuru na hakuna aliyethubutu kubahatisha. Namshukuru Mungu mtoto alipona, na siku ya tatu alikuwa anaifukuza toroli ileile koridoni.

Mzee hakupona haraka hivyo. Angeweza kumsingizia fundi rangi, au muuguzi, na tungemwamini. Alikwenda kwa mama wa mtoto, akavuta kiti, akamweleza kosa lilikuwa wapi na kwamba ni lake, akaomba radhi. Kisha akaongeza mistari michache, ili kompyuta kila inapowaka ijiulize kwanza kama ina kebo, na kama haina, iwashe waifai bila kusubiri taarifa ya mtu. Marekebisho yalichukua nusu saa. Kuyaamini ndiko kulikomshinda. Aliomba kuongezewa mwaka mmoja, akapewa, na kila asubuhi saa moja akawa anapita wodi zote saba akichomoa, akichomeka, akizima na kuwasha. Mzunguko huo aliuita kusalimia.

Nyumbani kulikuwa na mtu anayehesabu siku. Mke wake, mwalimu aliyestaafu kabla yake, alikwisha andaa bustani ya mboga, na safari ya kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza aliiahirisha mara mbili. Mwezi Februari alisikia kwamba mumewe ameandika barua ya kuomba mwaka mwingine. Alikuja ofisini, akaketi, akaniambia kwa upole wote kwamba, mwanangu, mtu huyu nimewaazima miaka thelathini na minne, basi nirudishieni angali anaweza kupanda ngazi. Mzee wakati huo alikuwa anatafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwake.

Mimi nilijua barua ile ilinihusu. Aliogopa kuniachia kazi yake, nami niliogopa kuachiwa, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ujasiri wa kulisema. Mkurugenzi ndiye aliyekata shauri. Mwezi Mei alimpa likizo ya siku kumi za kazi, na simu yake ikakaa kwenye mkoba wa mkewe. Siku ya kwanza nilizunguka wodi zote kama yeye. Siku ya tatu nikajilazimisha kukaa kitini. Toroli zilizimwa, zikawashwa, zikasukumwa huku na kule, na hakuna aliyepiga simu kuhusu mtandao. Walipiga mara mbili kuhusu printa. Zote mbili hazikuwa zimechomekwa.

Mzee aliporudi hakuketi. Aliuliza wamepiga wangapi. Nilimwambia hakuna. Akaitazama simu ya mezani, akauliza kama nina hakika imechomekwa, kisha akainama chini ya meza kuhakikisha. Imechomekwa. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko waya mmoja unavyohitaji, na alipoinuka alikuwa anafuta miwani. Akatoa ile barua ya kuomba mwaka mwingine, ambayo hakuwahi kuiwasilisha, akaigeuza, na nyuma yake akaandika orodha ya funguo atakazonikabidhi.

Mzee wetu, ahsante kwa ngazi zote ulizopanda, kwa daftari lenye fuvu, na kwa kutufundisha kwamba mtu akikosea huvuta kiti na kusema ni mimi. Mimi binafsi nimekupenda kama baba, na nimeliandika hapa kwa sababu ukiwa mbele yangu nitashindwa. Mama, tunamrudisha mtu wako mzima, isipokuwa magoti. Muwe na afya njema, bustani inayostawi, na mjukuu wa kuwakimbiza. Simu ya ofisi, Mzee, itaendelea kuchomekwa. Ikilia asubuhi saa moja, tutajua ni wewe unasalimia.