Michembe ya Mgonjwa

Bajaji ilipoondoka stendi ya Shinyanga, Mbuke alijikuta katikati ya watu wawili wasiojuana, nao walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu hotuba ya mgombea mmoja wa uchaguzi.

"Mgombea kasema kweli," alisema mama aliyepakata mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. "Nguvu ya taifa ni afya za watu wake. Zahanati kwanza, mengine baadaye."

"Ng'wanawane, mwanangu," alijibu mzee wa kijiji cha Didia, mguu wake uliovimba kaunyoosha hadi karibu na dereva, "nguvu ni maziwa na jembe. Mimi tangu nizaliwe sijalala hospitali. Huyo anataka taifa zima lipange foleni ya sindano!"

"Na mguu huo, babu?"

"Huu? Ni uzee tu."

Mbuke akaitazama miguu yote miwili. Kumbe uzee huingia mguu mmoja, mwingine ukabaki kijana.

Kwenye geti la hospitali mzee akasema, "Dereva, nishushe. Nina mgonjwa wa kumsalimia."

Mbuke akamtazama mikononi. Huko kwao hakuna aendaye kumwona mgonjwa bila hata kibuyu cha maziwa, na mzee alishika fimbo tu. Yule mama naye aliona, lakini hakucheka. Akampa ule mfuko wa michembe.

"Mpelekee mgonjwa wako, babu. Mwambie asirudi nyumbani bila kumwona daktari."

Mzee akaupokea kwa mikono miwili. "Nitamwambia. Atashukuru sana."

Akachechemea hadi getini, kisha akageuka.

"Lakini kura ya mgonjwa wangu, huyo mgombea wako asahau!"