Mwavuli wa Dot Vankirk

Wasikilizaji wapendwa, zimeni kidogo hizo mashine za kukatia nyasi. Sogezeni redio. Leo tunamkumbuka Dorothea Vankirk, yule tuliyemwita Dot. Dot alifariki Alhamisi iliyopita, hapa hapa Ohio, karibu na mto. Kwa miaka mingi alifundisha chuoni kwetu namna ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Aliwafundisha wanafunzi na wafanyakazi, kuanzia mkuu wa chuo hadi waosha vyombo.

Chuo kimetoa tangazo. Kinasema Dot "alipendwa na wote."

Hakupendwa na wote. Alikuwa akiingia mkahawani na sinia lake, meza zinanyamaza. "Shusheni mikono, mama kaja!" mtu anasema, na wengine wanachekea ndani ya supu. Walimwita Mama Mikono Chini. Walidhani ni jasusi wa ofisi.

Naye hakuwaamini. Mume wake Lyle, fundi wa malori, ananiambia: "Hata daktari wa meno, Dot hakumwamini. Akiambiwa fungua mdomo, anauliza, kwanza kwa nini umefunga mlango?"

Mlango. Likumbukeni neno hilo. Siku hizi mafunzo haya mtu anayabofya kwenye kompyuta huku anakula, na wapo maprofesa wanaowaachia makarani wao wawabofyee. Dot alikataa. Alitaka watu waje, waketi, waigize. Mmoja awe bosi, mwingine awe anayesumbuliwa, wa tatu apite na kuingilia kati. "Si lazima uwe shujaa," aliwaambia. "Gonga mlango. Uliza chochote. Uliza mwavuli wako. Mtu wa namna hiyo anataka faragha. Mnyime."

Vuli moja akaja Profesa Garrett Oldham, mwalimu wa kwaya, kipenzi cha chuo kizima. Alileta boksi la donati, akaketi mstari wa mbele, akajibu kila swali kabla halijaisha. Dot akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mtu asiyekosea hata swali moja, kajifunzia wapi?

Ikafika zamu ya maigizo. Oldham akaomba awe mwanafunzi anayesumbuliwa. "Nipe hiyo, Dot, mimi msanii." Akakunja mabega. Akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. Akasema kwa sauti ndogo: "Samahani, Profesa, dada yangu yuko chini. Ameacha gari linanguruma."

Ukumbi ukapiga makofi. "Jamani, huyu si angeigiza sinema!"

Msichana mmoja hakupiga makofi. Alikuwa Brenna Stroud, mwimbaji wa kwaya, ambaye ufadhili wake wa masomo ulisainiwa na Oldham kila muhula. Mikono ya sweta yake ilikuwa imefunika vidole.

Dot akaelewa. Maneno yale Oldham hakuyatunga. Aliwahi kuambiwa.

Akamfuata Brenna nje. "Una dada, mwanangu?"

"Sina." Kisha akashtuka. "Mama, tafadhali niache. Ufadhili ukikatwa, narudi nyumbani."

"Sijakuuliza habari za ufadhili."

"Basi usiniulize chochote."

Dot akapeleka habari ofisi kuu ya chuo. Wakamtazama. "Ushahidi wako ni sweta?"

Basi Jumanne, saa ambayo Brenna hufundishwa peke yake, Dot akapanda ngazi za jengo la muziki. Akagonga. "Samahani, Profesa. Niliacha mwavuli wangu hapa?"

"Hapana, Dot."

Jumanne iliyofuata akagonga tena.

"Dot, nje theluji inaanguka! Mwavuli wa nini?"

"Ndiyo maana nauhitaji, bwana."

Akalalamikiwa. Akaonywa. Hatimaye akakatazwa kukanyaga jengo lile. Jumanne iliyofuata Dot alibaki ofisini kwake, roho juu. Lakini mlango wa Oldham ukagongwa. Alikuwa mwimbaji wa sauti nzito: "Profesa, umeuona mwavuli wa Dot?" Akaja mfagizi, naye akauliza mwavuli. Wakaja wasichana wa kwaya, kundi zima, wanauliza mwavuli.

Hakuna aliyewaeleza kitu. Maana yake walikuwa wakijua, wasikilizaji wapendwa. Walikuwa wakijua! Hilo linanichoma mpaka leo.

Majira ya kuchipua Brenna akaenda ofisi kuu mwenyewe, akasema yote. Ufadhili wake haukuguswa. Oldham akaondoka. Chuo kikatangaza kwamba amekwenda "kuwa karibu na familia." Wakamkatia keki. Keki! Vuli iliyofuata alikuwa na kwaya nyingine, katika chuo kingine, huko Indiana.

"Tumemhamisha tu," Dot alimwambia Lyle. Alipiga simu Indiana. Walimjibu kwa adabu, kisha wakaacha kupokea.

Jumatatu tumemzika Dot. Mkuu wa chuo amerudia kanisani kwamba alipendwa na wote. Brenna, ambaye sasa ni mtu mzima na anafundisha mafunzo yale yale, hakubaki kula tambi za jibini zilizoandaliwa baada ya mazishi. Lyle alimpa mwavuli mweusi wa Dot. Haukuwahi kupotea hata siku moja.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne. Brenna aliendesha gari hadi Indiana. Alipanda ngazi za jengo la muziki, akasikia piano nyuma ya mlango uliofungwa. Piano ikanyamaza.

Akagonga.

Oldham akafungua, kichwa chote mvi. Nyuma yake alisimama msichana, mabega yamekunjwa.

"Samahani, Profesa," Brenna akasema, mwavuli mkononi. "Nimekuja kuuliza mwavuli."

Brenna akamtazama msichana. "Mdogo wangu, chukua mkoba wako. Dada yako yuko hapa. Ameacha gari linanguruma."

Na kweli, chini, gari lilikuwa linanguruma.

Kwa Lyle, na kwa Brenna, pole sana kutoka kwetu sote. Dot apumzike, sasa anaweza. Na wewe unayenisikiliza, kabla hujaiwasha tena mashine yako ya nyasi, jiulize. Wiki hii umepita mlango gani, ukasikia ukimya ndani, ukaendelea kutembea?