Kumuaga Bu Rohaeti, Mtunza Tanuru

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Karakana yetu ya Mipako, Bu Herlina. Wakuu wa vitengo. Ndugu wageni mliotoka Bandung na kwenye vituo vya umeme. Pak Odang, mume wa mstaafu wetu, pamoja na binti yenu, Neng Yuyun. Wafanyakazi wenzangu wa Cimahi: salamu kwenu nyote, na poleni kwa mvua.

Nimepewa dakika kumi za kumsifu Bu Rohaeti, aliyetunza tanuru letu kwa miaka ishirini na tisa. Ofisi imeniandikia hotuba nzuri. Ndani yake neno "mtiifu" limetajwa mara nne, nami kila nikilifikia nakwama, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote alilonifanyia mama huyu ni kukataa kunitii. Basi nimeikunja. Mtanivumilia nikipotea njia.

Panga la turbini hufanya kazi ndani ya joto linaloweza kulila. Tunalivika kauri, na chini ya kauri tunaweka mpako wa metali unaoishikilia. Kwenye joto kali mpako huo huota ngozi nyembamba ya oksidi ya alumini. Ngozi ikiwa safi, panga linadumu. Ikiwa chafu, kauri inabanduka. Miaka sita iliyopita niliwaahidi wateja kwamba njia yetu mpya, ya kurusha unga wa metali kwa kasi bila kuuyeyusha, tuliyoiita njia ya baridi, ingeishinda ile ya zamani ya kuuyeyusha kwa moto, maana unga usioyeyuka hauliwi na hewa njiani. Hesabu zilisema hivyo. Mimi nilisema hivyo, tena kwa kipaza sauti, katika ukumbi huuhuu.

Sampuli kumi zikaingia tanuruni, tano za kila njia, nyuzi elfu moja na mia moja. Zinatolewa, zinapoa, zinarudishwa. Wiki ya saba Bu Rohaeti akaja ofisini kwangu na trei.

"Pak Yayat, zimebanduka."

"Zipi?"

"Zako. Za baridi. Nne kati ya tano."

"Umechanganya lebo, Bu."

"Sijachanganya."

"Kaangalie tena."

"Nimeangalia mara tatu, Pak. Ya nne nenda wewe, mimi miguu inauma."

Sikwenda. Niliandika ripoti kwamba mhudumu alichanganya sampuli, nikampa atie sahihi. Akaisoma yote, akairudisha mezani, akaniuliza kama nimeshakula. Hakutia sahihi. Nikaipeleka ripoti bila sahihi yake, nikamhamishia stoo, akagawe glavu.

Miezi minne. Kila asubuhi ananisalimia vilevile. Siku moja akaniletea peuyeum, mihogo yake ya kuchachua. Nilikula, lakini sikujua nile kwa uso gani.

Kisha Dakta Nandang wa maabara yetu akazikata sampuli na kuziweka chini ya hadubini. Mpako ulioyeyushwa una mistari myeusi ya oksidi katikati yake. Wa baridi hauna. Lebo hazikuhitajika tena. Nne zilizobanduka zilikuwa zangu: uso wa mpako una mabonde na punje zisizoshikana, na juu yake imeota oksidi chafu ya kijani. Tukafungua daftari la tanuru. Bu Rohaeti alikuwa ameandika tangu siku ya kwanza, "Huu wa baridi unakwaruza kidole kama ganda la fenesi." Nani alisoma? Baadaye tulijifunza kuulainisha uso na kuupasha joto kabla ya kauri, ndipo njia ya baridi ikaanza kushinda.

Na ile ya tano? Unga uleule, bomba lileile, uso uleule wa fenesi, lakini ilidumu mpaka wiki ya ishirini. Kwa nini? Ndugu zangu, sijui. Wamekuja watu wenye shahada tatu, wakaondoka hawajui.

Wala hilo silo linalonichanganya zaidi. Jumatatu nilimuuliza, "Bu, mbona hukwenda kwa Mkurugenzi?"

"Nilijua utakuja kuniuliza."

"Nilichukua miezi minne hata kukurudisha tanuruni."

"Nimeishi na tanuru, Pak. Kusubiri kitu kipoe nimezoea."

Huo ni msamaha au ni lawama? Nimeligeuzageuza jibu hilo siku tatu, na sijapata upande wake wa juu. Siku niliyomrudisha kazini nilimwambia tu, "Tanuru limekukosa." Ripoti tuliisahihisha kimyakimya. Na jana, tukipanga viti hivi, Neng Yuyun aliniambia, "Asante, Pak, kwa kutomfukuza mama mwaka ule alipokosea."

Nilikiweka kiti mahali pake, nikachukua kingine.

Kwa hiyo nasema sasa, Mkurugenzi akisikia, na wateja wakisikia. Neng Yuyun, Pak Odang: mama hakukosea. Hakuchanganya hata sampuli moja. Aliyekosea ni mimi, na miaka sita amenibebea kosa langu mpaka nyumbani kwenu. Kwa nini, sijui. Bu, samahani.

Kwa kunisikiliza mpaka hapa, asanteni sana.