Shokapu za Jipu la Zahanati

Dereva wa jipu la zahanati alikuwa amepakata shokapu kuukuu, kifaa cha kupunguza mitikisiko ya gari, mafuta yakimchafua suruali. "Nikifika dukani nachukua ngumu," alimwambia fundi magari aliyeketi naye kwenye kiti cha basi, mbele yangu. "Laini hazimalizi hata masika."

"Ngumu ni za kubebea saruji, kaka. Wewe unabeba wajawazito."

"Nimeendesha gari lenye ngumu. Hata chai yangu haikumwagika." Chai, bila shaka, alikuwa nayo mbele.

"Na huko nyuma kwenye machela umewahi kulala? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Miaka tisa, hakuna mama aliyelalamika!"

Basi likasimama kwenye kituo changu. Nikampita nimemshika mkono kitindamimba wangu, aliyezaliwa ndani ya jipu lile kabla hatujafika kwenye daraja la njiani. Dereva hakunitambua, siku ile alitazama barabara tu.