Bi Mwanapili na Kitanda cha Idd Pili

Wasifu uliosomwa na mwanawe Mabruki siku ya hitima, Jadida, Wete, Jumapili tarehe 17 Novemba 2019

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, atoaye na atwaaye, wala haulizwi sababu. Tunaanza na hilo kwa kuwa huyu tunayemkumbuka leo alikuwa mtu wa kuuliza sababu. Lau angekuwa amekaa hapo kwenye jamvi, neno lake la kwanza lingekuwa: "Karatasi hiyo kaandika nani, na kaficha nini?" Basi tuseme mapema. Wameandika wanawe, wakasaidiwa na baba yao na shangazi yao Bi Kijakazi, na hatukuficha kitu.

Bi Mwanapili binti Silima alizaliwa Mtambile tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Silima Hija, mkulima wa mikarafuu, na mkewe Bi Tatu. Kaka yake ni Mzee Soud, ambaye mnamwona hapo mbele. Bibi yao alikuwa akisimulia kwamba hata ziwa la mama mtoto huyu alilishika kwanza, akalitazama, ndipo akanyonya. Bibi naye alikuwa hodari wa kutia chumvi, lakini hatujapata kumsikia mtu aliyemkanusha.

Alisoma Kurani hapo hapo Mtambile, kisha akaingia skuli na kumaliza darasa la saba. Siku moja chuoni maalim aliwaambia watoto wafunge juzuu zao, kuna maulidi mtaa wa pili na pilau inapakuliwa. Wenziwe wakatoka mbio. Mwanapili akabaki, kidole juu ya aya. "Weye huli pilau?" maalim akamuuliza. "Nala, maalim. Ila harufu yake sijaisikia." Na kweli hapakuwa na pilau. Maalim alitaka kujua nani anasoma na nani anangojea kutoroka. Mtoto akapewa embe, na tangu hapo akaamini kwamba kila jambo lina la pili nyuma yake. Kwa mtu wa tabia yake, bora angepigwa bakora.

Mwaka 1968 aliajiriwa kukagua karafuu katika kituo cha ununuzi Mtambile, na baadaye akahamishiwa Wete, ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2006. Wakaguzi wengine walitazama gunia juu, wakatafuna punje moja mbili, wakapitisha. Yeye alikunja nguo mpaka begani akauzamisha mkono hadi chini kabisa, kwa sababu alijua wako wanaoweka karafuu nzuri juu na makonyo chini, vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua. "Usinionyeshe juu," alikuwa akiwaambia. "Mie natia mkono chini." Wapo waliomchukia kwa hilo. Wakulima wasafi walimpenda, wakipanga foleni mbele yake hata kama mwenziwe hana mtu.

Mwishoni mwa mwaka 1971 aliolewa na baba yetu, Mzee Vuai Safari, seremala wa Jadida, ambaye wazee wake walitoka bara wakalowea Makangale. Posa ililetwa na Soud, kaka yake. Kaka kumtafutia dada mume wa upande wa pili wa kisiwa, na Mtambile wanaume wamejaa! Bi Mwanapili aliliona hilo si bure, akalitia moyoni. Ndoa ikafungwa, akahamia Jadida, wakakaa kwa raha mpaka ilipofika Idd.

Idd mosi ilipita vizuri. Asubuhi ya Idd pili Vuai alioga, akavaa, akatoa kitanda kiwandani mwake, akakipakia kwenye gari la ng'ombe, akaondoka nacho kwenda Makangale. Alirudi kesho yake, yeye na kitanda.

"Kitanda kilikwenda wapi?" akaulizwa.

"Pana mtu alikiazima."

"Idd pili?"

"Na Idd pili watu hulala, mke wangu."

Mwaka wa pili ikawa vile vile. Mwaka wa tatu, siku chache kabla ya Idd, alifanya kama afanyavyo kazini. Aliuchukua mkoba wa kazi wa mumewe akauzamisha mkono, akapita randa, akapita misumari, akafika chini. Akashika nywele. Nywele ndefu, nyeusi. Na chini ya nywele, suruali ya kubana, imekunjwa kwa adabu.

Mwanamke akikuta nywele ndefu mkobani mwa mumewe, na kitanda kinasafiri kila Idd, atasemaje? Alikaa chini. Alipozitazama vizuri akaona si nywele, ni usumba wa nazi uliochanwa ukapakwa masizi, na hapo ndipo alipoogopa zaidi. Hawara ana nywele zake mwenyewe. Usumba wa masizi ni wa nani kama si wa mganga, na msitu wa Ngezi uko pua na mdomo na Makangale? Akafikiri tena, akaona liko la tatu lililo baya kuliko yote mawili, njama za siasa. Miaka hiyo watu walikuwa wakisema kwa kunong'ona, na wanaume waliokutana mahali bila sababu inayojulikana waliweza kuulizwa sababu hiyo na watu wasiopenda mzaha.

Alimwendea kaka yake. "Soud, nataka talaka yangu."

"Subiri kidogo, dada. Subira huvuta heri," alijibu Soud, huku anautazama mlango.

Hilo la kutazama mlango nalo akalitia moyoni.

Idd pili ya mwaka 1974 gari la ng'ombe lilipoondoka na kitanda, Bi Mwanapili alikuwa amekwisha kufunga nguo zake katika furushi. Akamwambia wifi yake, Bi Kijakazi: "Nifuate Makangale, uwe shahidi. Nikikuta nnachokidhani, mie Jadida sirudi, na furushi hili lipelekwe Mtambile." Bi Kijakazi anasema njia nzima yeye aliomba duwa wamkose huyo ndugu yake popote alipo. Alimpenda wifi yake, na alijua haondoki mtu huyo akarudi.

Walifika jua limepanda. Nyuma ya nyumba ya Mzee Mmanga, pembezoni mwa mashamba, walisikia watu wanacheka. "Waganga hawacheki, wala wapanga njama," alisema Bi Mwanapili, akaona sasa limebaki la hawara. Akazunguka nyumba.

Alichokiona ni hiki. Wazee na wanawake wamekaa mikekani, kanga midomoni. Katikati ya uwanja wanaume wanne wenye nywele za usumba na suruali za kubana wamebeba kitanda, na juu yake amelala Duni, mvuvi, anakoroma. Mbele wa kulia ni mumewe. Wa kushoto ni Nyange, rafiki wa mumewe. Nyuma ni Mmanga mwenye nyumba. Na wa nne, nywele zimemshuka machoni, ni Soud, kaka yake, aliyemwambia asubiri. Mzee mmoja mwenye kofia ya karatasi akawazuia: "Mwampeleka wapi huyu?" Wakamjibu kwa pamoja: "Muulize mwenyewe." Duni akakoroma. Wakapita. Wakazunguka, wakakitua kitanda, na Duni akaketi akajifikicha macho akauliza, "Tumefika?" Watu wakaanguka kwa kicheko.

Hapo wakamwona yeye, na kicheko kikakatika.

Habari yenyewe ni hii, na mzee wetu ameturuhusu tuiseme. Mwaka 1968 katika jumba la sinema mjini Wete ilionyeshwa picha ya kuchekesha ya vijana wa bendi moja ya Ulaya, waliokuwa wakipendwa dunia nzima. Wanakimbizana mjini, wanaimba, na mpiga ngoma wao amelala usingizi usioamshika, basi wanambeba na kitanda chake kumpeleka ukumbini. Vuai, Soud, Nyange, Mmanga na Duni waliitazama kila ilipoonyeshwa. Kizungu hawakukijua, lakini walicheka mpaka wakaumwa mbavu. Kisha nywele ndefu na suruali za kubana zikapigwa marufuku, na picha ikaondoka isirudi. Wao wakaona haiwezekani kitu kama kile kipotee. Wakala yamini kila Idd pili waicheze wenyewe, maneno watie ya kwao, na wasimwambie mtu anayeishi mjini, hata mke. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Bi Mwanapili hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda, akamwambia Duni ashuke, akakunja nguo mpaka begani, akatia mkono chini ya godoro, akaupitisha kutoka kichwani mpaka miguuni. Hakukuta kitu. Akamgeukia mumewe.

"Mwanamke yuko wapi?"

Baba yetu alivua nywele. Jasho la masizi lilikuwa linamtiririka. "Hapana mwanamke, Mwanapili. Pana kitanda na wendawazimu watano."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungecheka."

Bi Kijakazi anasema hapo wifi yake alimtazama Vuai, akamtazama Soud, akazitazama zile nywele. Kisha akasema: "Siamini. N'takuja na mwaka ujao, nione kama ni hivi hivi." Akarudi Jadida, akalifungua furushi.

Akaja mwaka ujao, na uliofuata. Alikuja kukagua, mwenyewe alisema hivyo, na hakukosa. Akawa anaijua ile picha kuliko walioiona. Mtu akisahau jambo alisimama: "Soud, mwaka jana hapa ulijikwaa. Leo hujikwai, wanificha nini?" Naye Soud, kwa kuogopa maswali, akajikwaa kila mwaka, na kwa sababu ya shaka ya mama yetu hakuna hata hatua moja iliyopotea. Marufuku yalipolegea, mchezo ulihamia uwani kwetu Jadida, na watu walikuja kutoka Makangale mpaka Mtambile, wakaja na watoto wao, kisha wajukuu. Mwaka 2004 dada yetu Moza alileta kutoka Unguja diski ya picha yenyewe. Tulikaa wote kuitazama. Aliyelala kitandani hasemi "Tumefika?", na hakuna anayejikwaa. Mama aliitazama mpaka mwisho, akasema, "Hii wameichezea. Juu karafuu, chini makonyo." Haijatazamwa tena nyumbani kwetu.

Duni alifariki mwaka 1989, Mungu amrehemu, na ikabidi apatikane mwengine wa kulala. Wanaume waliokuwepo walikuwa wazito. Baba alimwomba mama. Alikataa miaka miwili: "Mtaniangusha." Mwaka wa tatu alipanda, akiwa amejifunika kanga gubigubi, mkono mmoja umeshika ubao wa kitanda na jicho moja liko wazi. Wako waliosema kwamba mke wa mtu habebwi mbele za watu. Alikuwa uwani kwake, amebebwa na mumewe na kaka yake, na waliosema walikuwa wa kwanza kuja kutazama. Miaka yote hiyo, wakimbeba, lile jicho halikufumba. Watoto wa mtaani walikuwa wakilingojea. Baba alikuwa akimwambia, "Mwanapili, aliyelala hachungulii," naye alijibu, "Mwanibeba vizuri kwa sababu nawaona." Hilo lilimuuma baba kidogo. Alikuwa mumewe, na alitamani siku moja tu amwone amelala kweli mikononi mwake.

Aliugua sukari na presha tangu mwaka 2016. Madaktari walimpenda na walimkimbia. Kidonge kikibadilika rangi alikirudisha: "Jana chekundu, leo cheupe. Nani kakibadilisha?" Mwezi wa Oktoba mwaka huu hali ilizidi, akawa hatoki kitandani. Jumatano iliyopita alimwita baba, na sisi tulikuwepo.

"Atanibeba nani?" alimuuliza.

"Sisi. Mie, Soud, Nyange na Mmanga."

"Goti la Soud bovu. Atajikwaa."

"Mwenyewe ndiye uliyemfundisha."

Akacheka. Halafu akasema: "Vuai, zile nywele mkobani, kweli hapakuwa na mwanamke?"

"Wallahi hapakuwa."

"Haya. Safari hii sichungulii."

Alifariki alfajiri ya Alkhamisi tarehe 14 Novemba 2019, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri. Desturi yetu ni jeneza kupita bega kwa bega, kila Muislamu apate fungu lake, lakini kutoka mlangoni hadi msikitini wale wazee wanne hawakumwachia mtu. Soud alijikwaa penye kona ya kiwanda cha baba. Hapo kulikuwa na jirani mmoja mzee, aliyekuwa akivaa kofia ya karatasi kila Idd pili, na alikuwa analia, mdomo ukamtoka bila kukusudia, "Mwampeleka wapi?" Tulisikia nyayo tu, na nyiradi.

Kaburini walishuka baba na Mjomba Soud kumpokea. Baba alimlaza ubavu wake wa kulia, akamwelekeza kibla, akalifunua shavu lake liguse mchanga kama inavyotakiwa. Alikawia kidogo. Sisi tuliokuwa juu tulimsikia akimwambia kwa sauti ya chini: "Tumefika, mke wangu."

Marehemu ameacha mume, Mzee Vuai Safari. Kaka, Mzee Soud Silima. Wifi, Bi Kijakazi Safari. Watoto watatu, Masika, Mabruki na Moza. Wajukuu kumi na mmoja. Na kitanda kimoja, ambacho wajukuu wameomba kisiuzwe.

Tunamwomba Mola amsamehe aliyoyakosea, amkunjulie kaburi lake, na amlaze kwa amani, macho yote mawili. Amin.