Upepo Nilioondoka Nao

Wazazi wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mavuno. Namshukuru Mungu aliyetukutanisha leo, magunia yakiwa yamepangwa hapa mbele na mimi nikiwa nimesimama kando yake kama gunia jingine.

Mchungaji aliponiomba nishuhudie, niliandika maneno, nikayafuta, nikaandika tena. Nilitaka kila neno likae mahali pake. Wanaonijua wameshaanza kucheka. Mimi nikifagia uwanja narudi kutazama kama alama za ufagio zimenyooka. Asubuhi hii mama akaniambia, "Karatasi hiyo iache hapo mezani. Watu wanakuja kukusikiliza wewe." Nimeiacha. Nikipotea katikati ya maneno, mumuulize yeye.

Mnajua kwamba kazi yangu ni kucheza mpira wa kikapu, Dar es Salaam. Mnajua pia kwamba mwaka jana nilirudi hapa Iguguno nikakaa sana. Mkiuliza, mama alikuwa anajibu kwamba nimepumzika. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa nimepumzika. Nilikuwa nimeanguka.

Nianze mwanzo. Nilikuwa bado shule ya msingi nilipouona mchezo huu kwa mara ya kwanza, kwenye televisheni ya duka moja pale barabarani. Sauti ilikuwa imezimwa. Nikaona mtu anarusha mpira, mpira ukapanda, ukakaa juu, ukakaa, halafu ukashuka ndani ya wavu bila kugusa chuma. Sikujua sheria wala jina la mchezo. Nilichokipenda ni ule muda mpira ukiwa hewani. Watu wote mle ndani ya televisheni walikuwa wameinua nyuso, wameacha walichokuwa wanafanya, wanaungoja. Nikaona kama nami naweza kuishi humo, katika muda ule mfupi. Nilirudi nyumbani bila chumvi niliyotumwa.

Baba mdogo ni fundi wa kuchomelea. Nilimsumbua mpaka akakunja nondo ikawa duara, akaichomelea kwenye bomba, akalisimika nyuma ya nyumba yetu, pembeni ya shamba la alizeti.

"Haya, goli lako hilo," akasema. "Ukichoka, tutaanikia nguo."

Sikuchoka. Sikuwa na mwalimu. Nilianza na mpira wa miguu, na nilipofika sekondari mwalimu mmoja akanipa mpira wa kikapu uliokwisha alama zake zote, laini kama kiganja cha mzee. Kila siku kazi za nyumbani zikiisha, nilikwenda nyuma ya nyumba. Shamba lilikuwa kushoto kwangu. Mnajua alizeti ikikomaa inaacha kugeuka na jua, inatulia imetazama mashariki. Basi nyuso zile zote za njano zilikuwa zinanitazama mimi. Wale ndio waliokuwa mashabiki wangu wa kwanza. Hawakupiga makofi, walitikisa vichwa tu, kwa sababu kulikuwa na upepo.

Upepo wa kwetu sina haja ya kuwaeleza. Umeshaondoa vilemba vya kina mama wengi humu ndani. Ulikuwa unatoka mashariki, mkono wangu wa kulia, kila jioni, na mimi nilikuwa nikirusha mpira ndani yake bila kuufikiria, kama mtu anavyovuta pumzi bila kuifikiria.

Nikawa sikosi. Sisemi kwa majivuno, nasema ilivyokuwa. Mashindano ya shule yakafanyika Singida mjini, uwanja wa nje, vumbi, upepo uleule. Kocha mmoja kutoka Dar alikuwepo. Nilipomaliza kidato cha nne akapiga simu kwa mama. Nikasaini mkataba. Msichana wa Iguguno, kulipwa kwa kurusha mpira. Siku ya kuondoka baba mdogo aliliangalia goli akasema, "Basi nguo zimepata nafasi."

Ukumbi wa Dar una paa na kuta pande zote, na sakafu ya mbao inayong'aa hata unaona taa chini ya miguu yako, kama unatembea juu ya maji. Nilipoingia siku ya kwanza niliona ni pazuri kuliko ndoto zangu. Lakini kuna kitu kilikuwa kinakosekana, na sikukijua. Masikio yangu yalikuwa kama yamewekwa pamba.

Nikarusha. Mpira ukapanda vizuri, ukakaa juu kama ninavyopenda, ukashuka pembeni. Kulia. Nikarusha tena. Kulia.

Nilidhani ni woga wa ugeni. Lakini wiki zikaenda, na mipira yangu ikaendelea kuangukia palepale, kama kuna mtu upande ule anaiita. Wenzangu walikuwa wananitania. "Alizeti," waliniita hivyo kwa sababu ya mashamba ya kwetu, "goli limehama? Mbona unatazama mashariki tu?" Mwingine anadakia, "Mwacheni, anatafuta jua lake."

Walikuwa watu wazuri, nami nilicheka nao. Kisha nikienda chumbani, nakaa kuhesabu mipira niliyokosa.

Kocha akasema kiwiko changu kimepinda. Nikakinyoosha. Akasema labda ni miguu. Nikabadilisha miguu. Akanipeleka kupima macho, na daktari akasema, "Huyu anaweza kutunga uzi kwenye sindano huku anakimbia." Nikaanza kujirekodi kwa simu na kujilinganisha na wachezaji wakubwa, kidole kwa kidole. Mtu mwingine angesema nitazoea. Mimi, jinsi nilivyo, nilijifungua mkono wangu kama saa, nikatoa kila kipande, na niliporudisha vipande saa haikutembea tena. Sasa nilikuwa nakosa kila upande. Chakula kikawa hakipiti. Nikilala naota narusha mpira unapanda, unapanda, haurudi. Nimesimama chini na mikono imeinuliwa, naungoja. Hapo zamani ule muda wa mpira kuwa hewani ndio ulionifanya niupende mchezo. Sasa nilikuwa nauogopa.

Mechi ya mwisho ya msimu ilitukuta tumekaribiana sana na wapinzani kwa pointi. Dakika ya mwisho nikachezewa vibaya, nikapewa mitupo miwili. Kwa wasiojua, hapo unasimama peke yako mbele ya goli, hakuna anayekuzuia, na ukumbi wote unanyamaza. Nilitupa wa kwanza, nikakosa. Nikatupa wa pili, nikakosa. Tukafungwa.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo liliniumiza. Mkataba ulipoisha kocha akaniambia kwa upole, "Nenda nyumbani kwanza, dada. Ukijiona uko sawa, nipigie."

Nikashuka hapa barabarani mchana, jua kali. Mpira niliusukuma chini ya kitanda, nyuma ya magunia. Watu wakipita wanauliza, "Dar mmeshindaje?" nami nakimbilia jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Niliona maisha yangu yamefika mwisho kabla sijayafikisha popote. Mnacheka, lakini ukiwa na umri wangu, na hakuna kitu kingine duniani unachokijua, inaonekana hivyo.

Mama hakuniuliza. Alinipa kazi. Alizeti ilikuwa imevunwa, ikawa tunapiga vichwa kwa fimbo juu ya turubai, halafu tunapepeta. Mama mdogo alikuwa nasi. Mnajua kazi ile: unainua beseni juu, unamwaga taratibu, mbegu zinashuka, upepo unachukua makapi. Mama alipenda kusema nimwage polepole. Mimi kila mara nilitaka kumaliza.

Siku moja upepo ukaisha. Kwetu ni jambo la ajabu. Mabati yakanyamaza, majani yakatulia, vumbi likakaa chini. Ukimwaga, mbegu na makapi vinaanguka pamoja. Tukaweka mabeseni chini, tukakaa kungoja. Kulikuwa na ukimya kama dunia imelala mchana.

Mama mdogo hawezi kukaa kimya. "We mtoto, lete huo mpira wako tuone unacholipwa nacho. Tutakaa hapa kama vyungu?"

Sikutaka. Mama alinitazama tu. Nikaenda, nikauvuta kutoka nyuma ya magunia. Nikapangusa vumbi. Goli lilikuwa na kanga ya mtu, tukaiondoa. Nikasimama pale nilipokuwa nikisimama tangu utoto, nikainua mikono, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kufikiri, nilirusha tu, kama zamani.

Mpira ukaangukia kulia.

Nikainamisha kichwa. Mama mdogo akasema, "Aa, kumbe hulipwi kitu."

Mama ndiye aliyecheka. Alikuwa anaokota makapi kwenye kilemba chake, hata hakunitazama vizuri. "Leo hakuna wa kukurudishia," akasema.

"Kunirudishia nini, mama?"

"Mpira. Wewe tangu mdogo unautupa kule," akaonyesha kulia, "halafu upepo unakurudishia kwenye goli. Nilikuwa nakuona kutoka jikoni. Nikajua ndivyo mlivyofundishwa."

Ndugu zangu, nilikaa chini pale kwenye vumbi.

Hakuna aliyenifundisha. Upepo ndio ulionifundisha. Miaka yote ile nilikuwa narusha nusu ya safari, na nusu nauachia upepo umalizie. Nikaenda Dar, nikaingia kwenye nyumba isiyo na upepo, na mkono wangu ukaendelea kuuachia upepo nafasi yake. Macho yalikuwa mazima, na kiwiko nacho kilikuwa kizima. Nilikuwa nimebeba hewa ya nyumbani ndani ya mkono, na nilikuwa nauadhibu mkono huo kwa kukumbuka.

Nililia, nikacheka. Mama mdogo akauliza kama nimeingiwa na jua kichwani. Halafu tukasikia bati moja likigonga, la pili likagonga, vumbi likaamka. Mama akainuka. "Umekuja. Shika beseni."

Tukarudi kupepeta. Siku ile nilimwaga polepole.

Kujua hakukunitosha. Nilihitaji mahali pasipo na upepo, na hapa kwetu mahali hapo hapapatikani kirahisi. Mzee anayetunza ghala la mazao aliposikia, alisema mazao yakishatoka ghala ni tupu, niende. Leo yupo hapa, amekaa mlango wa nyuma, ingawa yeye husali kwingine siku ya Ijumaa. Shikamoo, babu. Baba mdogo aling'oa goli akaja kulisimika mle ndani, akilalamika njia nzima kwamba sasa nguo zitaanikwa wapi.

Mle ghalani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya alizeti, na miale ya jua ikiingia kwenye matundu ya bati. Vumbi la makapi lilikuwa linaelea ndani ya miale ile bila kwenda popote. Kabla ya kurusha nililitazama. Kama halisogei, najiambia, "Hapa hakuna upepo," halafu narusha moja kwa moja. Nilikosa sana. Lakini sikujifungua tena vipande vipande. Nilikuwa naokota mpira na kurudi.

Nikampigia kocha. "Kocha, nimejua. Nilikuwa narusha kwa hesabu ya upepo."

Akauliza, "Upepo upi, dada? Tunacheza ndani."

"Wa Iguguno, kocha. Nilikuja nao."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Njoo tuone kama umeuacha."

Nikaenda. Akanisimamisha pale pa mitupo, wenzangu wote wamejipanga pembeni. Nikirusha vizuri nabaki, nikiharibu narudi kupepeta, safari hii moja kwa moja. Nikainua macho kwenye taa nikatafuta vumbi. Lipo, dogo sana, limetulia. Nikarusha wa kwanza.

Kulia.

Mtu akasema taratibu, "Alizeti." Zamani ningekufa pale. Lakini nilijisikia kama nimesalimiwa na mtu wa nyumbani. Mkono ulikumbuka tu. Nikaushusha, nikauinua tena, nikarusha. Mpira ukapanda, ukakaa juu. Nikagundua siuogopi muda ule. Nikaungoja kama tulivyoungoja upepo, bila haraka. Ukashuka katikati ya wavu. Na uliofuata. Na uliofuata.

Nina mkataba sasa, na msimu unaanza tena baada ya mavuno. Bado nakosa. Bado nikikosa natamani kurudia mpaka taa zizimwe. Mniombee hapo, sijapona kabisa.

Namshukuru Mungu aliyeusimamisha upepo mchana ule. Namshukuru mama aliyenitazama kutoka jikoni miaka yote, na mama mdogo asiyeweza kukaa kimya. Nawashukuru baba mdogo na babu wa ghala, na kocha aliyecheka badala ya kukata simu.

Neno langu kwenu ni hili dogo. Mkimwona mtu anakosa, na kila akikosa anakosa upande uleule, msimwambie haraka kwamba hajui. Muulizeni alikojifunzia, upepo ulikuwa unatoka wapi.

Jana jioni baba mdogo alikuwa amelirudisha goli nyuma ya nyumba. Nikasimama palepale, alizeti zikiwa zimeshakatwa, upepo unavuma kama kawaida. Nikarusha moja kwa moja, kama ninavyorusha sasa. Upepo ukauchukua mpira, ukaupeleka kushoto, mbali, mpaka kwenye mabua.

Mama alikuwa mlangoni. "Na hapa tena umesahau?" akauliza.

Nikaenda kuufuata mpira, taratibu, nacheka peke yangu.